Herufi iliyoshiba na bado inakimbia

Wiki iliyopita muuza rolex mmoja, zile chapati za kuviringishiwa mayai, alinijia hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, akitaka bango la kibanda chake. "Nataka maandishi yaliyoshiba, mzee, lakini yasikae tu." Kwa maneno hayo alikuwa ameshanichagulia fonti: nene, isiyo na vijimkia kwenye miisho ya mistari, ncha za mviringo, halafu mlazo, yaani iliyolala kulia.

Unene unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi nene yenye pembe kali hufoka. Ukiiviringa ncha, inakukaribisha. Mlazo ndio unaoipa mwendo, ndiyo maana utaikuta kwenye stika za bodaboda na jezi za timu za mtaani. Tangazo la msiba usiniletee nikuandikie hivyo, nitakataa.

Kosa ninaloliona kila siku ni hili: mtu anachukua fonti iliyosimama, mara nyingi Arial Rounded, anabonyeza kitufe cha mlazo, basi. Kompyuta haichori upya, inaisukuma tu herufi ilale kulia. Ikuze "o" uitazame: imenenepa juu kulia na chini kushoto, kwingine imekonda. Teremka kwenye mguu wa "l": ile nusu duara imepinda kama kisigino kilicholika upande mmoja. Fonti iliyochorwa mlazo tangu mwanzo haina ulemavu huo, kwa sababu mchoraji alikaa akazirekebisha ncha moja moja.

Wala si kila mviringo unahitaji kukimbia. VAG Rounded, iliyotengenezwa kwa ajili ya Volkswagen mwaka 1979, ilikaa miaka mingi kwenye vitufe vya kompyuta za Apple, imesimama wima, na hakuna aliyelalamika.

Kwenye plota, mashine ya kukata stika, ncha hizi ni rafiki: stika huanza kubanduka penye pembe kali, na hapa pembe hazipo. Kwenye uchapaji wa skrini, ule wa kusukuma wino kupitia kitambaa cha wavu, jihadhari. Niliwahi kuchapa lebo ndogo za chupa za asali. Matundu ya "a" zote mbili za "asali" yakaziba kwa wino, zikabaki madoa. Nilirudia kazi nzima kwa hela yangu.

Na kabla hujamwonyesha mteja wa Kiganda, andika kwanza "eŋŋoma", yaani ngoma. Fonti nyingi za bure hazina ŋ, kwa hiyo programu inaazima kwingine, unapata herufi mbili nyembamba zimesimama katikati ya wanene wanaokimbia. Aibu ni yako, si ya kompyuta.

Bango la rolex lilitoka vizuri, ila mwenyewe akanung'unika kwamba namba ya simu nimeisimamisha na kuipunguza unene. Nikachapa karatasi mbili, moja kwa fonti ya jina na nyingine kama nilivyofanya, nikampeleka ng'ambo ya barabara asome. Kwenye ile nene, 8 aliisoma 6, tena mara mbili. Akarudi akalipa nusu; nusu nyingine naila kila asubuhi, mayai mawili, nyanya nyingi.