Mchoro wa Penseli Haungoji Rangi

Mtu akionyeshwa mandhari ya Kivukoni, Dar es Salaam, yaliyochorwa kwa penseli, swali lake la kwanza mara nyingi huwa ni lini yatatiwa rangi. Swali hilo limebeba dhana kwamba penseli ni maandalizi tu, na katika jiji lililozaa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye rangi kali, mwishoni mwa miaka ya 1960, si ajabu dhana hiyo kuota mizizi. Ukweli ni kwamba mchoraji John Constable wa Uingereza alijaza vijitabu viwili, cha mwaka 1813 na cha 1814, michoro midogo ya penseli. Baadhi ilimsaidia katika picha za rangi, naam, lakini leo vijitabu hivyo vimehifadhiwa katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, na hutazamwa kwa thamani yake vyenyewe.

Dhana inayotunyima mengi zaidi, kwa maoni yangu, ni ile isemayo kuwa pasipo rangi hakuna hewa wala umbali. Simama Kivukoni asubuhi utazame Kigamboni: pantoni iliyo karibu ina weusi mzito na kingo kali, ilhali minazi ya ng'ambo imefifia ikawa kijivu, kwa kuwa hewa yenye unyevu iliyo katikati hutawanya mwanga. Mchoraji hodari hulifuata jambo hilo kwa kubadilisha penseli. Zenye alama ya B zina kinywe (grafiti) kingi na udongo wa mfinyanzi kidogo, hivyo hutoa weusi laini unaofaa kivuli cha pantoni. Za H, ambazo udongo wake ni mwingi, hutoa mistari hafifu inayofaa ufuo wa mbali. Mng'ao wa maji, kwa upande wake, haukuchorwa kabisa: ni weupe wa karatasi ulioachwa makusudi, na hapo ndipo jicho linapostahili kutua kwa muda.

Wapo pia wanaoamini kuwa ndani ya penseli mna madini ya risasi. Hamna, kinywe ni kaboni, madini yaleyale yanayopatikana Mahenge, mkoani Morogoro.

Wala mchoro haupimwi kwa kufanana na picha ya simu. Aliyeziacha nguzo za umeme na nusu ya mashua hakusahau, bali amechagua. Ukiusogelea mchoro wake utaona mikwaruzo mitano au sita ya haraka. Rudi nyuma hatua tatu, na mikwaruzo hiyohiyo inakuwa minazi.