Je, wajua kwa nini kushuka mlima kunauma kuliko kupanda?

Swali hili lilinijia chooni, Newala, asubuhi ya Jumatatu. Choo ni cha kuchuchumaa na mimi siwezi kuchuchumaa. Mapaja yamegoma. Nilishika ukuta kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono wa pili, nikajishusha kidogo kidogo kama watu wanaoteremsha kabati kutoka kwenye lori.

Jumamosi mchana nilikuwa nimeshuka kwa miguu kutoka ukingoni mwa uwanda wa Makonde hadi bondeni, upande wa mto Ruvuma, kisha nikapanda tena. Wanaopajua Newala wanaelewa. Ukisimama pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla mbele yako, na bonde linaonekana chini kabisa kama mkeka uliotandikwa. Wakati wa kushuka nilikuwa napiga soga na kupiga picha. Wakati wa kupanda nilihema hadi nikaona nyota. Jioni nikala, nikajisifu, nikalala vizuri. Jumapili miguu ikaanza kukakamaa. Jumatatu ndiyo hiyo niliyoisema.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unatembea kama bata?"

"Kilima, bibi. Kule kupanda kumenimaliza."

"Kupanda kumekuchosha tu. Kilichokumaliza ni kushuka."

Nilidhani ananitania. Lakini bibi alikulia enzi ambazo maji ya bomba yalikuwa bado hayajafika kwao. Juu ya uwanda hakuna mto wala chemchemi ya kutegemea, kwa hiyo wanawake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani. Leo mradi wa maji wa Makonde unayasukuma kutoka chini kule Mitema, na wajukuu wa akina bibi wanakwenda bondeni kupiga picha. Nikaingia kusoma, nikakuta wanasayansi wanakubaliana na bibi.

Tuanze na ndoo. Unapoinyanyua, msuli wa mbele ya mkono unakaza na kufupika, kiwiko kinapinda, ndoo inapanda. Sasa ishushe polepole. Msuli ni uleule na bado umekaza, kwani ungelegea ndoo ingekuangukia vidole vya miguu. Ila safari hii unakaza huku unavutwa na kurefuka. Mara ya kwanza msuli umefanya kazi ya injini, mara ya pili umefanya kazi ya breki.

Kilimani ni hivyohivyo. Ukipanda, msuli mkubwa wa mbele ya paja unafupika na kukusukuma juu. Ukishuka, kila hatua uzito wote wa mwili unaangukia mguu mmoja, na msuli uleule unazuia goti lisijikunje hadi chini. Unakaza huku ukirefushwa, hatua hii na ile, mamia kwa mamia. Waulize wanaoteremsha baiskeli yenye madumu au gunia la mkaa kwenye miteremko ya huko ni kitu gani kinacholika haraka. Hawatakuambia pedali, watakuambia mipira ya breki.

Breki ya mwili ina maajabu yake. Mwaka 1952 wanasayansi Bernard Abbott, Brenda Bigland na Murdoch Ritchie waliziunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikiwa zimepeana mgongo. Mmoja alikanyaga kwenda mbele, mwingine akajitahidi kuzizuia pedali zinazomrudisha nyuma. Walipoonyesha jaribio hilo Royal Society, chama cha wanasayansi kule London, mwanamke mwenye umbo dogo alikaa upande wa kuzuia na mwanamume mkubwa upande wa kukanyaga. Aliyechoka ni yule mwanamume. Nguvu inayopita kwenye mnyororo ni ileile pande zote mbili, lakini anayezuia hutumia oksijeni kidogo sana kuliko anayekanyaga. Ndiyo maana mimi nilikuwa na pumzi za kupigia soga wakati wa kushuka.

Lakini urahisi huo una gharama. Kwa kuwa kazi ya kuzuia ni nyepesi, mwili unaita nyuzi chache za msuli kuifanya. Gunia walilolipandisha watu kumi, sasa wanaliteremsha watatu. Kila uzi unabeba mzigo mkubwa huku ukivutwa, na ndani ya uzi mmoja kuna vipande vidogo sana vilivyopangwa kama shanga. Vile dhaifu vinavutika kupita kiasi hadi vinaachia, na vikiachia vingi, utando wa uzi unachanika hapa na pale. Theodore Hough, mtaalamu wa Marekani, aliandika mwaka 1902 kwamba maumivu ya aina hii yanayochelewa yanaelekea kutokana na mipasuko midogo ndani ya msuli wenyewe. Alikuwa akichunguza vidole vya mkono, wala si mapaja, lakini wazo lake limeishi hadi leo.

Mbona basi yanachelewa? Kwa sababu huo mpasuko wenyewe hauumi sana. Kinachouma ni ukarabati. Saa kadhaa baadaye chembe za kinga zinaingia kusafisha, maji yanajaa kidogo, na kemikali zinazotolewa pale zinaifanya mishipa ya fahamu iwe na hisia kali kuliko kawaida. Ndiyo maana ukikaa kimya husikii kitu, ila ukibonyeza paja au ukijaribu kuketi unaruka. Maumivu hufika kileleni kati ya saa 24 na 72, kisha hupoa yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja.

Hapa niseme neno juu ya asidi ya laktiki, ile ambayo misuli huitoa ikifanya kazi nzito, maana kila kijiwe cha mazoezi Mtwara mjini kina mtu anayeilaumu. Kwamba ukifanya mazoezi asidi inaganda kwenye misuli, na kesho yake inakuuma. Asidi hiyo ina historia yenye heshima: Otto Meyerhof wa Ujerumani na Archibald Hill wa Uingereza walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa utafiti wao juu ya misuli, na Meyerhof ndiye aliyeonyesha uhusiano wa asidi hiyo na oksijeni. Ila kwa kesi hii ya siku ya pili haina hatia. Damu huisafisha ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Tena inazalishwa kwa wingi unapohema, yaani unapopanda. Kama ingekuwa ndiyo mkosaji, anayepanda kilima angeumwa kuliko anayeshuka.

Kuna jambo lingine nililolifurahia zaidi. Mtu aliyetwanga kinuni maisha yake yote, au aliyelima kwa jembe la mkono, ana nguvu isiyo na ubishi. Lakini mwangalie vizuri: mchi anaupandisha kwa nguvu, halafu anauachia uanguke. Jembe vilevile. Kazi ya injini ni nyingi, kazi ya breki ni ndogo, na hiyo ndogo ni ya mikono. Kwa hiyo hata mkulima hodari anaweza kuteremka kilima asichokizoea na kesho yake akatembea kama bata. Mwili hauzoei kazi kwa ujumla. Unazoea kazi ile ile uliyoupa.

Na unazoea haraka ajabu. Ukishuka mara moja ukaumwa, ukarudia baada ya wiki mbili, maumivu yanakuwa madogo sana. Kinga hiyo ya safari moja hudumu wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Msuli unapojijenga upya unajipanga vizuri zaidi kwa mvuto, na ubongo nao unajifunza kuita nyuzi nyingi zaidi zisaidiane. Bibi hakuwa na miguu ya chuma. Alikuwa na mwili ambao haukupewa nafasi ya kusahau.

Je, kuna faida yoyote, au ni mateso ya bure? Huko Austria, kwenye milima ya Alpi, Heinz Drexel na wenzake walichukua watu 45 wenye afya lakini wasio na mazoea ya mazoezi. Kwa miezi miwili walishuka mlima kwa miguu na kupandishwa kwa kigari cha kamba, na kwa miezi mingine miwili walipanda kwa miguu na kuteremshwa kwa kigari. Pande zote mbili lehemu mbaya kwenye damu ilipungua. Kupanda kulipunguza zaidi mafuta ya damu yaitwayo trigliseridi, na kushuka kukausaidia mwili kuimudu sukari. Kwa mtu mwenye kitambi, asiye na pumzi za mchakamchaka, hiyo ni habari njema: anaweza kuanza na upande wa mteremko, ambao haumtesi moyo sana, mradi aanze na umbali mdogo.

Na asiye na mteremko je? Mtwara mjini, kuanzia Shangani hadi Chikongola, kumelala kama meza. Chukua kigoda au kiti, kaa polepole ukihesabu hadi nne, kisha simama kwa mwendo wa kawaida. Mara nane au kumi, siku ya kwanza usizidishe hapo hata ukijiona simba. Pushapu hivyohivyo: ukishindwa kujisukuma juu, jishushe tu taratibu, weka magoti chini, anza tena. Mwenye ofisi ya ghorofa apande akipenda, lakini ngazi za kushukia asizikwepe. Siku mbili tatu kwa wiki zinatosha, siku nyingine tembea. Kujinyoosha viungo kabla au baada, nasikitika kusema, hakupunguzi sana haya maumivu. Maji ya moto na mafuta ya nazi yanaburudisha, hayaharakishi ujenzi.

Kinachojenga ni chakula, na hapa watu wa Kusini tuna bahati tunayoichezea. Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 60 ni gramu 50 hivi, na anayefanya mazoezi makali huhitaji zaidi ya hapo. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini. Mbaazi! Zao ambalo wengi wetu tulilitazama kama fedha tu, mpaka mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuziingiza nchini humo na bei huku ikaporomoka. Zikikaa kwenye tui la nazi, pembeni ugali wa muhogo na dagaa wachache, sioni sababu ya kijana wa Masasi au Nachingwea kununua unga wa kopo wenye picha ya mtu aliyetuna.

Muhogo peke yake hautoshi. Ni wanga, ni mafuta ya gari ya kupandia kilima, lakini protini yake ni ndogo sana. Ming'oko nayo ni hivyo, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa: tamu, inashibisha, ila mpe mwenzake wa samaki, kunde au njugu mawe. Korosho ina protini karibu gramu 18 kwa kila 100, lakini karibu nusu yake ni mafuta, kwa hiyo konzi moja ni chakula na bakuli zima mbele ya televisheni ni kitambi. Halafu mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Tunang'oa korosho, tunaliacha bibo lioze chini ya mkorosho, wakati lina vitamini C mara kadhaa kuliko chungwa, na mwili huitumia vitamini hiyo kutengeneza nyuzi zinazoshikilia misuli na mifupa. Wengine hawaliachi lioze, ni kweli, wanaligeuza pombe. Pombe nyingi baada ya mazoezi huchelewesha msuli kujijenga.

Kuna maumivu ya kutokungoja. Mkojo ukiwa na rangi ya kahawa baada ya zoezi kali, misuli imeumia vibaya na figo ziko hatarini: nenda hospitali siku hiyohiyo. Kigimbi kimoja tu kikivimba na kuuma, au goti likivimba lenyewe, hayo si haya tunayoyazungumza. Na mwenye magoti mabovu aongee na daktari kwanza kabla ya kuanza miteremko.

Mimi nilirudi Newala baada ya wiki tatu, nikashuka tena njia ileile, na Jumatatu nilichuchumaa bila kushika ukuta. Siku hizi nikienda ninaiga Austria, ila kigari changu cha kamba ni bodaboda. Tatizo ni dereva wake. Ananipandisha, ananiona nashuka tena kwa miguu, nampigia simu nikiwa chini, na kila mara anauliza kama kuna kitu nilisahau.