Kwa nini betri za kigari cha gofu hufa zikiwa zimelala tu?

Kila mwaka, Aprili ikielekea ukingoni, nyumba nyingi za Florida hufungwa. Wenyewe ni wastaafu wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, waliokuja kukimbia theluji na sasa wanakimbia joto. Wamarekani huwaita ndege wa theluji. Katika mji wa The Villages, wenye zaidi ya kilomita 160 za njia za vigari vya gofu, kigari hicho si cha mchezo peke yake. Ndicho cha kwendea dukani, kanisani na kwa daktari. Basi mwenye nyumba hukiingiza bandani, akakifunika turubai, akaondoka. Novemba anarudi, anakanyaga pedali: kimya. Betri zote sita zimekufa, na kwa miezi sita hakuna aliyezigusa.

Kitu kisichotumika kinachakaaje?

Vigari vingi bado hutumia betri za risasi na asidi, uzao wa ile aliyoibuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ndani ya kila seli mna pleti za risasi zilizozama katika asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Betri ikitoa umeme, salfa huiacha asidi na kujibandika kwenye pleti, ikafanya utando wa salfeti ya risasi. Ukichaji, utando huvunjika na salfa hurudi ilikotoka. Utando mpya hauna neno. Balaa huanza ukiachwa palepale wiki nyingi: chembe zake hushikana, zikakua na kuwa ngumu, kama chumvi iliyoganda ndani ya gunia, na chaja ya kawaida haiziwezi tena. Eneo la pleti lililofunikwa hivyo ndiyo basi, halitoi umeme.

Na betri haingoji kutumiwa ili ipungue. Hujila yenyewe taratibu, na joto huiongezea njaa: kila nyuzi 10 za Selsiasi zikipanda, kasi ya kujila hukaribia kuwa maradufu. Banda lililofungwa Florida mwezi Julai ni tanuri. Tena kigari chenyewe hakilali kabisa, kwa kuwa kidhibiti cha mota huendelea kunyonya umeme kidogokidogo. Ndiyo maana vigari vingi vina swichi chini ya kiti yenye sehemu mbili, ya kuendesha na ya kukokota. Ukiiweka kwenye kukokota, kidhibiti hukatiwa umeme. Ni kazi ya sekunde mbili, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Aliyefunga sola kijijini kwa betri za aina hii kisha akahamia mjini ameshauona ugonjwa huu, hata kama hakujua jina lake.

Kwa hiyo betri ilazwe ikiwa imeshiba. Chaji mpaka ijae, ndipo uongeze maji ya betri, yale safi yasiyo na madini. Mpangilio huo una sababu: wakati wa kuchaji kimiminika hutanuka na kutoa mapovu, na ukiwa umejaza mapema asidi itafurika na kula chuma cha chini yake. Ila ukikuta pleti zimeachwa wazi, zifunike kwanza kwa maji kidogo, kisha chaji. Kumimina asidi mpya ili “kuiamsha” betri, jambo ambalo baadhi ya mafundi wetu hulipenda, hakurudishi salfa iliyoganda kwenye pleti. Kunaongeza ukali tu.

Je, chaja iachwe imechomekwa? Hapa watu hubishana, na mimi naona inategemea chaja. Za kisasa hujizima na kujiwasha zenyewe betri ikishuka. Za zamani, baadhi haziwaki tena zikishajizima, na nyingine hupika betri mpaka maji yakauke. Isitoshe, msimu wa vimbunga Florida ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na umeme ukikatika au radi ikipiga hakuna mtu nyumbani. Banda nalo lipitishe hewa, maana betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche.

Kwa walioacha vigari vyao kaskazini kwenye baridi, mambo ni kinyume. Betri iliyojaa haigandi hata baridi ikifika nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha, ambayo ndani yake yamebaki karibu maji matupu, huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri na kupasua ganda lake. Betri za lithiamu nazo zina tabia yake: hupenda kulala zikiwa na chaji kama nusu, si tumbo tele.

Breki ya kuegesha isiachwe imebana, itagandamana. Weka vigingi kwenye magurudumu. Tairi zijazwe upepo.

Kwangu, dawa bora kuliko chaja yoyote ni jirani anayepita mara moja kwa mwezi na kipima volti. Lakini mwelekeze kabla hujaondoka. Betri za kigari cha volti 48 zikiwa zimejaa na kutulia husoma karibu 51. Akiona 48 kamili atakupigia simu kwa furaha kwamba mambo ni shwari, kumbe zimeshashuka chini ya nusu.