"Muaibishe kidogo, atanyooka": tunachokosea kuhusu kumdhalilisha mwanafunzi

Kila shule zinapofunguliwa Januari, na tena matokeo ya mitihani ya katikati ya muhula yanapobandikwa, sentensi ileile husikika hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu na Chang'ombe hadi Chamwino na Kongwa, kwa walimu na kwa wazazi: "Muaibishe kidogo mbele ya wenzake, atanyooka." Wanaosemewa hivyo ni watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili, wenye miaka kama 11 hadi 15. Kwa mnasihi wa shule kama mimi, ni vigumu kutaja umri mwingine ambao ushauri huo haufai kama huu. Kuijibu kwa mdomo kila muhula kumenichosha, basi naiandika.

"Akiaibika mara moja harudii."

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ina chembe ya ukweli inayoifanya iaminike. Ni kweli hatarudia, mbele yako. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesimamishwa mstarini na kuitwa kilaza kwa kupata 8 ya Hisabati, wiki inayofuata atatulia tuli. Hapigi kelele, haulizi swali. Mwalimu anaona amenyooka. Alichojifunza mtoto ni kwamba kwenye Hisabati usalama ni kutoonekana. Ataketi nyuma ya mwenzake mrefu, atanakili zoezi la jirani kabla mwalimu hajaingia, na siku ya jaribio "ataumwa tumbo". Tumbo hilo, tafadhali, si la uongo kila mara. Hofu huliumiza tumbo kwelikweli.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtoto anayejisikia vibaya kwa alichokifanya, tuseme ameiba kalamu ya mwenzake, bado ana njia: airudishe, aombe radhi, ailipe. Mtoto anayeambiwa mbele ya darasa kwamba yeye ni mwizi na ukoo wao wote ni wezi hana cha kurudisha. Mwanasaikolojia June Tangney wa Marekani amepima tofauti hiyo kwa miaka mingi, na matokeo yameelekea upande mmoja. Kujutia tendo huendana na kutengeneza ulichoharibu. Kujiona wewe mwenyewe ndiye mbovu huendana na kujificha, kukana kosa na kumalizia hasira kwa wengine. Kwa hiyo mwalimu anayetaka mtoto ajutie, halafu akawaruhusu wenzake wamzomee, amekiua alichokuwa anakitafuta.

Halafu kuna suala la umri. Mwaka 1967 David Elkind, naye Mmarekani, alieleza kwamba kijana anayebalehe huishi kana kwamba kuna hadhira inayomtazama muda wote: viatu vyake, chunusi zake, sauti yake inayokatika. Sasa mchukue mtoto mwenye hadhira ya kichwani, umwekee ya kweli ya watu 600 mstarini. Mwili wake hauchukulii jambo hilo kuwa dogo. Sally Dickerson na Margaret Kemeny walipojumlisha tafiti 208 za maabara mwaka 2004, waliona kwamba kinachopandisha kotisoli, homoni ya msongo, kuliko vingine ni mtu kuhukumiwa na wenzake katika hali asiyoweza kuibadilisha, na kotisoli hiyo huchelewa kushuka. Kudhalilishwa mstarini kuna vyote viwili: macho ya watu, na kutokuwa na la kufanya. Mtoto katika hali hiyo akiingia kipindi cha kwanza, hawezi kushika kichwani hatua tatu za mlinganyo kwa pamoja. Mwalimu wa kipindi hicho naye atasema hajitumi.

Kwetu kuna kundi moja linaloumia zaidi. Mtoto wa Bahi au Mvumi amesoma miaka saba kwa Kiswahili, nyumbani anaongea Kigogo, na Januari anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Akiteleza neno moja la Kiswahili anavishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwingine. Lengo ni azoee Kiingereza. Matokeo ni kwamba haongei lugha yoyote. Lugha hujifunzwa kwa kukosea kwa sauti, na kibao kinaadhibu kukosea kwa sauti. Mwalimu asiyeamini ajaribu hivi: kipindi kina dakika 40, aweke alama kwa kila mwanafunzi anayefungua mdomo kwa hiari yake. Ahesabu wiki moja kibao kikiwepo, wiki nyingine kikiwa kabatini.

Mzazi naye ana kipimo chake, na hakihitaji kumhoji mtoto. Chukua madaftari yote, yaweke mezani, yafungue mfululizo. Daftari la somo lenye shida hujitambulisha: kurasa za mwanzo zina mwandiko uliokazwa, mistari imepigwa kwa rula, masahihisho yamefanywa. Kisha kuna ukurasa mmoja wenye kalamu nyekundu nyingi, wakati mwingine umechanwa kona. Baada ya hapo zinafuata tarehe na vichwa vya mada, chini hakuna kitu, au kuna mazoezi yaliyo sahihi yote kwa mwandiko usio wake. Tazama tarehe ya ukurasa ule. Tukio lilikuwa siku hiyo, au jana yake.

Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani huuliza, "Sasa nifanyeje, nimbembeleze?" Hapana. Sogea hadi kwenye dawati lake. Inama, sauti ifike kwake na isimfikie wa dawati la tatu. Taja kosa moja, la leo, usifufue ya mwezi uliopita. Sema unachotaka na muda wake: "Zoezi namba mbili na tatu, ofisini kwangu saa nane." Kisha ondoka kabla hajakujibu. Watu wengi hukosea hapo: husimama wakimtazama wakisubiri atii, darasa zima linageuka, na mtoto analazimika kuchagua kati ya kukutii na kulinda uso wake. Atalinda uso wake. Kosa likiwa limeonwa na wote, liambie darasa neno moja tu, "Hilo nitazungumza naye," uendelee na somo. Adhabu ipo, lakini hadhira haipo. Na kwa anayelalamikia muda, mahubiri ya mstarini hula dakika kumi za shule nzima.

Na kama umeshamdhalilisha? Inarekebishika, ila si kwa kumwita pembeni na kumpa pipi. Ilitokea mbele ya watu, irekebishwe mbele ya watu walewale, siku hiyohiyo au kesho yake. Iwe fupi: "Jana nilimwita mwenzenu jina baya. Nilikosea. Sitaki lirudiwe darasani humu." Usitie "lakini". Usimsimamishe, wala usimwulize kama amekusamehe, maana hapo umemweka jukwaani mara ya pili. Kipindi kinachofuata mpe swali analoliweza, na umdokeze kabla ya kipindi kwamba utamuuliza. Walimu huogopa kwamba watapoteza heshima. Wanafunzi wa umri huo hukumbuka sana haki, na aliyesema "nilikosea" hupata utulivu darasani kuliko aliyepiga meza.

"Ni utani tu, mbona wote walicheka?"

Walicheka wote isipokuwa mmoja. Watanzania tunaujua utani, na utani wa kweli una masharti: mtani wako ana haki ya kukurudishia palepale, hata msibani, na hakuna wa kumshika. Mwalimu akimwita mwanafunzi "ombaomba" kwa sababu ni Mgogo, au "mzee wa kandambili" kwa sababu hana viatu, mtoto akirudisha ni utovu wa nidhamu. Basi huo si utani. Kipimo ni kimoja: je, mtoto huyu anaweza kunirudishia neno hilohilo, mbele ya watu haohao, na akaenda nyumbani salama?

Majina haya yana tabia nyingine mbaya. Yakitoka mdomoni mwa mwalimu huwa yamepigwa muhuri. Wanafunzi huyabeba uwanjani, njiani, na siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp, mpaka kidato cha nne. Nikiwa kwenye magrupu: orodha ya matokeo yenye majina na nafasi kutoka wa kwanza hadi wa 94, ikirushwa kwenye grupu la wazazi, ni mstari wa asubuhi usiokwisha. Mtumie kila mzazi matokeo ya mwanawe tu.

Orodha ya wasioleta mchango wa chakula ni hadithi ileile. Mwaka ambao mvua imekatika mapema na mtama umekaukia shambani, mtoto hana debe la mahindi alilolificha. Deni ni la mzazi. Barua iliyokunjwa, au simu kwa mzazi, inatosha.

"Afadhali maneno kuliko fimbo. Maneno hayaachi alama."

Ming-Te Wang na Sarah Kenny walifuatilia familia 976 huko Pennsylvania, Marekani. Watoto waliotukanwa na kukaripiwa kwa matusi na wazazi wao wakiwa na miaka 13 walionyesha utundu zaidi na dalili zaidi za sonona mwaka uliofuata. Jambo linalowauma wazazi wengi wakilisikia ni hili: upendo wa mzazi kwa nyakati nyingine haukuyapunguza madhara hayo. "Lakini anajua nampenda" haifuti kitu.

Fimbo yenyewe, kwa wanaosahau, ina mipaka. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Kumchapa mtoto mbele ya mstari kisha kumwambia acheze dansi wenzake wacheke hakumo kwenye kanuni yoyote. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza kumtendea mtoto kikatili na kwa kumdhalilisha.

"Sisi tulifanyiwa hayo na tumekuwa watu."

Walioacha shule hawapo ofisi ya walimu kutoa ushahidi.

"Wavulana hawajali, ni wasichana ndio wepesi kulia."

Mvulana hulia kwa ngumi. Ugomvi wa ghafla, utoro, matusi kwa mdogo wake nyumbani: kabla ya kumwita mkorofi, uliza kilichotokea shuleni wiki mbili zilizopita. Kwa wasichana tukio la kawaida ni sketi kuchafuka darasani na watu kucheka. Dawa yake ni ya bei ndogo: sweta la kufunga kiunoni, pedi na sketi ya akiba kwa matroni, na ruhusa ya kutoka bila kueleza sababu kwa sauti.

"Mnataka kumpeleka mwanangu Mirembe?"

Dodoma neno hilo linafunga mazungumzo. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na inafanya kazi yake, lakini mtoto aliyedhalilishwa kwa kawaida hahitaji kitanda wala vidonge. Anahitaji tukio likomeshwe, mtu mzima mmoja shuleni wa kumwendea, na mazungumzo machache na mnasihi, ofisa ustawi wa jamii au mwalimu wa malezi anayejua kunyamaza. Siri ikivuja ofisi ya walimu, basi, hatarudi.

Wanaohitaji msaada wa haraka ni wengine: halali usingizi, hali chakula, amegawa vitu vyake, anasema angekuwa hayupo ingekuwa nafuu. Hapa kuna dhana inayoua: kwamba ukimuuliza kuhusu kujiua unamtia wazo. Humtii. Muulize waziwazi, "Umewahi kufikiria kujitoa uhai?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, usimhubirie, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa za shamba la zabibu na za kuogeshea mifugo zifungiwe, na ufunguo usikae mlangoni. Simu 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

"Nitakwenda shuleni nimwonyeshe huyo mwalimu."

Ukienda kufoka dirishani, darasa zima litamwona mama yake au baba yake akifoka, na kesho hilo ndilo jina lake jipya. Kwanza msikilize nyumbani bila kuanza na "Na wewe ulifanya nini?" Muulize kama anakubali uende. Nenda baada ya vipindi, bila yeye, kwa mwalimu wa darasa. Usiporidhika nenda kwa mkuu wa shule, kisha ofisa elimu kata au bodi ya shule. Andika kabla ya kwenda. "Mwalimu anamchukia mwanangu" haifanyiwi kazi na yeyote. "Jumanne, kipindi cha tatu, mbele ya darasa zima, alivishwa kibao na kuambiwa maneno haya," pamoja na maneno yenyewe kama yalivyosemwa, mkuu wa shule hawezi kuipokea kwa kutikisa kichwa tu. Bakiza nakala.