Mtoto wa miezi tisa akimkataa nesi

Siku ya kliniki hapa Kigoma Mjini mabenchi hujaa mapema. Akina mama wametoka Mwanga, Katubuka na Ujiji, kadi mkononi, watoto mgongoni. Mtoto akishavalishwa ile suruali ya mizani na kuning'inizwa, hulka yake haijifichi. Mmoja anabembea tu, anashangaa miguu yake. Mwenzake wa umri uleule anapiga kelele, ngumi kazikaza, mwili mzima umekakamaa, na hata akirudi kifuani kwa mama kwikwi hazikatiki upesi. Hapo bibi wa benchi la nyuma atasema: "Umemdekeza huyo, mwanangu."

Mimi, nesi wa kliniki hii, huwaambia akina mama waziwazi: mtoto wa miezi minne hajui kudeka. Hulka yake kaja nayo, na sehemu yake ni ya kurithi.

Alexander Thomas na Stella Chess, mume na mke waliokuwa madaktari wa akili, walianza mwaka 1956 huko New York kufuatilia watoto 133 tangu uchanga. Waliangalia mtoto anavyochangamka, usingizi na njaa yake kama vina mpangilio, anavyopokea kitu kigeni, na ukali wa furaha na hasira yake. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi kulea, 10 wagumu, 15 wazito kuzoea mambo, waliobaki walichanganya. Lakini mimi nathamini zaidi jambo jingine waliloliona: ugumu wa mtoto peke yake haukutosha kuleta matatizo. Matatizo yalikuja pale hulka yake ilipogongana na matarajio ya wanaomlea. Mtoto asiyetulia katika chumba kimoja cha kupanga ataonekana balaa. Mhamishie kwenye ua mpana wa Ujiji, wenye shangazi na watoto wa jirani, watu watamwita mchangamfu.

Umri nao una mambo yake, na kalenda ya chanjo huyaonyesha vizuri. Kilio cha mtoto huongezeka tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya 6, hasa jioni, kisha hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Sasa wiki ya 6 ndiyo mama anakuja kwa chanjo, macho mekundu kwa kukesha, na nyumbani ameshaambiwa ni chango na kuletewa chupa ya mizizi. Naomba chupa hiyo ikae mbali. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Mbebe kwa mbeleko, tembea naye, mwimbie; ukizidiwa mpe mama mkwe au dada ambebe, nawe ulale kidogo.

Wiki ya 14 huyohuyo anamchekea kila mtu, hata nesi mwenye sindano.

Kisha inafika miezi 9, chanjo ya surua na rubela. Mtoto ananitazama usoni, anageuka kumtazama mama yake, ananitazama tena, mdomo unaanza kupinda, halafu anang'ang'ania kanga na kulia. Mama anaona aibu: "Nesi, mbona zamani alikuwa anakuja kwako vizuri tu?" Wengine hunong'ona kwamba kuna mtu kamtupia jicho. Hakuna jicho. Ubongo wake umekua: sasa anawatofautisha walio wake na wageni, na anausoma uso wa mama ili ajue kama pana hatari. Kwa hiyo mama, usimtupe mikononi mwangu kwa nguvu. Mpakate, tusalimiane kwanza, cheka nami, akuone umetulia. Aliye mzito kuzoea mpe muda zaidi, na wala usimwombee radhi.

Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa mtoto mpole, yule anayesifiwa mtaa mzima. Mtafiti Marten deVries alipima hulka za watoto wa Kimaasai nchini Kenya wakati wa ukame wa miaka ya 1970. Aliporudi kuwatafuta, wengi wa watoto wapole walikuwa wamefariki, na wengi wa wale wagumu walikuwa hai. Watoto wenyewe walikuwa wachache, kwa hiyo sijengi sheria juu yao. Lakini njaa ikiingia, anayelia ndiye anayekumbukwa.

Hilo nalifikiria kila ninapomwona mama aliyewahi alfajiri mwaloni Kibirizi kuanika dagaa, mtoto akabaki na dada yake mdogo wa darasa la tatu. Asiyelia leo anarukwa zamu moja ya kunyonya, kesho mbili. Ndiyo maana mstari wa uzito kwenye kadi ukilala, swali langu la kwanza ni hili: anaamka mwenyewe kutafuta ziwa, au hadi umwamshe? Kama ni hadi umwamshe, mwamshe, mchana na usiku, na umwachie dada yake maziwa yaliyokamuliwa kwenye kikombe kisafi.

Na yule mkelele wako akinyamaza ghafla, akakataa ziwa au mwili ukachemka, mlete siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.