Pampu ya moyo na mishipa isiyodunda

Mtu aliyewekewa pampu ya moyo akiingia duka la dawa karibu na stendi ya Moshi kupima presha, mashine itajaza hewa, itaachia, itajaza tena, kisha itaandika kosa. Mashine ni nzima. Shida ni kwamba inasoma mtikisiko wa mpigo, na mpigo wa mtu huyu ni hafifu mno au haupo kabisa. Hata vidole viwili kwenye kifundo cha mkono huenda visihisi kitu, naye amesimama anakusalimia.

Pampu hii hushonewa kwenye ncha ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo uliochoka. Hufyonza damu humo na kuipeleka kwenye aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kwa bomba laini. Waya mmoja hutoka tumboni hadi kwenye kidhibiti na betri. Aina moja ya pampu hii, HeartMate 3, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ina kipangaboi kinachoelea kwa sumaku. Kwa kawaida huzunguka mara 5,000 hadi 6,000 kwa dakika na kusukuma lita 4 hadi 6 hivi. Moyo hubana na kuachia, kipangaboi hakipumziki.

Mfongo wa Kibosho, mfereji wa kumwagilia migomba, haujali maji yaje kwa mkupuo au mfululizo, mradi yafike mgombani. Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, inajali.

Tuanze na faida, maana yanayofuata yanaweza kumfanya mtu aione pampu ni balaa. Moyo ukishindwa, mwili hubana mishipa midogo na figo hushikilia chumvi na maji. Damu ikianza kufika ya kutosha, mishipa hulegea, figo na ini hupata nafuu.

Ila ngozi nyembamba ya ndani ya mshipa huishi kwa kusuguliwa na kutanuliwa kila mpigo. Hapo ndipo hutoa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mshipa. Mpigo ukipungua, gesi nayo hupungua na ukuta hukakamaa. Vihisio vya shingoni na kwenye aota, vilivyozoea mtanuko, huupelekea ubongo taarifa kama ya presha ndogo, nao huamuru mishipa ibane zaidi. Presha hupanda. Pampu ikisukumana na presha hiyo hutoa damu pungufu, na hatari ya kiharusi huongezeka.

Kuna na kutokwa damu. Protini ya von Willebrand, nyuzi ndefu zinazosaidia damu kuganda, huvutwa na kasi ya kipangaboi hadi hunyooka, kisha hukatwakatwa. Wakati huohuo vimishipa dhaifu huota kwenye utumbo. Mgonjwa tayari anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) ikilengwa 2 hadi 3, kwa hiyo choo cheusi kama lami ni cha kuwahi hospitali siku hiyohiyo. Mboga za majani hupunguza nguvu ya warfarin, ila mnafu na mchicha haukatazwi. Kinachovuruga INR ni kula sahani nzima leo na kukaa wiki mbili bila.

HeartMate 3 hubadili kasi kila sekunde 2, lakini lengo ni kujisafisha damu isigande ndani yake. Haitoshi kuirudishia ateri mpigo. Mpigo wa kweli hutoka kwenye moyo wenyewe, ndiyo maana daktari hupanga kasi akitazama moyo kwa ultrasaundi, vali ya aota ifunguke angalau mara mojamoja. Vali inayofungwa muda wote mwishowe huvuja.

Presha ya mgonjwa hupimwa kwa dopla, kifaa cha kusikiliza mvumo wa damu, ndugu wa kile cha kliniki ya wajawazito. Funga kitambaa cha presha, paka jeli upande wa ndani wa kiwiko, tafuta mvumo wa damu. Jaza hewa hadi mvumo upotee, kisha achia polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde. Namba ambayo mvumo unarudi huchukuliwa kuwa presha ya wastani, moja tu, na inatakiwa iwe 70 hadi 90. Lakini kama kifundo cha mkono kinadunda, namba hiyo iko karibu zaidi na ile ya juu kati ya namba mbili za presha. Ukiisoma kama wastani utampa dawa asizozihitaji.