Namna ninavyokadiria gharama ya kutunza programu za mitambo ya kijeshi

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi katika kazi yangu ya kukadiria gharama za programu za kompyuta ni hili: mtambo wa kijeshi ukishakabidhiwa kwa askari, tutenge kila mwaka asilimia ngapi ya gharama ya kuiandika programu yake, kwa ajili ya matengenezo? Anayeuliza huwa na jedwali la bajeti lenye kisanduku kimoja kitupu, na anachotaka ni namba ya kukijaza. Namba hiyo ipo na ina historia yake. Inafaa kuijua kabla sijaeleza kwa nini hesabu zangu hazianzii hapo.

Mwaka 1981 Barry Boehm, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya TRW, alichapisha modeli ya kukadiria gharama iitwayo COCOMO. Kwa programu zilizopachikwa ndani ya mitambo, kama za rada au za kuongoza makombora, modeli ile ya msingi inasema kwamba kazi ya kuiandika programu, ikipimwa kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja, ni 3.6 mara idadi ya maelfu ya mistari ya maandishi yake iliyopandishwa kwa kipeo cha 1.20. Programu ya mistari 100,000 inatupa miezi 904 hivi. Kwa upande wa matengenezo, modeli inamtaka mkadiriaji akisie ni sehemu gani ya mistari itakayobadilishwa au kuongezwa kwa mwaka, kisha aizidishe kwa kazi ya mwanzo. Tukichukua asilimia 10, tunapata kama miezi 90 kwa mwaka, yaani watu 7 au 8 wa kudumu. Mtambo ukitumika miaka 20, jumla inafika miezi 1,800, maradufu ya kazi ya kuiandika programu yenyewe. Hapo wasikilizaji hushtuka, na wana haki ya kushtuka, kwa kuwa mitambo mingi hutumika muda mrefu kuliko huo: ndege ya F-16 iliingia katika Jeshi la Anga la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo programu zake zinatolewa matoleo mapya.

Ukubwa wa jibu haunisumbui. Kinachonisumbua ni dhana iliyofichika ndani ya hesabu yenyewe, kwamba fedha hufuata mistari iliyobadilishwa. Mtutu wa mzinga huchakaa kwa kufyatuliwa na injini ya ndege huchakaa kwa saa za kuruka, na ndiyo maana gharama za vitu hivyo hupanda na kushuka kwa kadiri vinavyotumika. Programu haichakai hata ikitumiwa usiku na mchana. Hubadilishwa kwa sababu mazingira yake yamebadilika: adui ameleta kombora jipya, mtambo mwingine unaopokea data zake umebadilishwa, kompyuta inayoiendesha imeacha kutengenezwa, au udhaifu wa kiusalama umegunduliwa. Utafiti wa Lientz na Swanson uliochapishwa mwaka 1980, uliozihoji idara 487 za kompyuta, ulionyesha kwamba kusahihisha kasoro kulichukua kama moja ya tano tu ya kazi ya matengenezo, ilhali karibu nusu ilikuwa kuboresha na kuongeza yale ambayo watumiaji waliyahitaji. Idara zile zilikuwa za shughuli za kawaida, wala si za majeshi. Hata hivyo, anayedhani kwamba matengenezo maana yake ni kurekebisha makosa ya waandishi wa kwanza atakosea hesabu tangu mstari wa kwanza wa jedwali lake.

Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilipoanza kukusanya kwa utaratibu gharama halisi za matengenezo ya programu zake, liliyagawa katika mafungu ambayo mimi huyafuata hata pale ambapo hakuna sheria inayonilazimisha. Kuna toleo lenyewe la programu, pamoja na mabadiliko yote yaliyomo. Kuna usimamizi wa kazi, leseni za programu za kununua, uthibitisho wa usalama wa mfumo, maabara na vifaa vyake, uhandisi wa kuufuatilia mfumo, na wahandisi wanaokaa na vikosi ili kusaidia watumiaji. Katika orodha yote hiyo, fungu la kwanza peke yake ndilo linalotegemea moja kwa moja idadi ya mistari itakayoguswa. Mengine yanalipwa hata mwaka ambao hakuna mstari uliobadilishwa.

Tuitazame maabara kwa karibu. Programu ya ndege ya kivita haijaribiwi kwenye kompyuta ya mezani. Inahitaji chumba chenye kompyuta zilezile zilizomo ndani ya ndege, zilizounganishwa kwa nyaya zilezile, pamoja na vifaa vinavyoiga rada, silaha na mwendo wa ndege, ili programu ifanye kazi kana kwamba iko angani. Chumba hicho kina umeme wake, vipoza hewa vyake, ulinzi wake, na mafundi wachache wanaojua kwa nini kifaa fulani hukataa kuwaka asubuhi. Gharama hizo hazipungui kwa sababu mwaka huu maombi ya mabadiliko ni machache. Na kama jeshi lina aina tatu za ndege hiyohiyo zenye kompyuta tofauti, basi vifaa vya kuzijaribu ni vya aina tatu, na kila badiliko hujaribiwa mara tatu. Kwa hiyo naanza kuuliza idadi ya aina zilizoko vikosini kabla ya kuuliza idadi ya mistari.

Gharama inayosahaulika kuliko zote ni ya kuifikisha programu kwa askari. Tarehe 25 Februari 1991, mjini Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot, wa kudungua makombora, ulishindwa kulifuata kombora la Scud lililorushwa kutoka Iraki, likaangukia bweni na kuua wanajeshi 28 wa Marekani. Uchunguzi wa GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ulieleza chanzo chake. Kompyuta ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na sehemu ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika mfumo wa sifuri na moja. Katika rejista ya biti 24, yaani nafasi ya kompyuta ya kuwekea namba, kinabaki kipande kidogo sana kinachokatwa, na kosa hilo hukua kadiri mtambo unavyokaa bila kuzimwa. Mtambo ule ulikuwa umewashwa kwa zaidi ya saa 100, na kosa lilikuwa limefika kama theluthi moja ya sekunde, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Rada ikatazama mahali ambapo kombora halikuwepo.

Tatizo lilikuwa limeshajulikana. Tarehe 11 Februari jeshi lilipata data kutoka Israeli zilizoonyesha kwamba usahihi wa mtambo ulipungua baada ya saa 8 za kukaa umewashwa, na tarehe 16 programu iliyorekebishwa ilikuwa imetolewa. Ilifika Dhahran tarehe 26, siku moja baada ya vifo vile. Mkadiriaji anayehesabu mistari angeiona kazi hii kuwa ya gharama ndogo, kwani badiliko lenyewe lilikuwa dogo. Kilichochukua muda ni kupata usafiri wa ndege na wa magari katikati ya vita ili kila kituo kifikiwe. Watumiaji nao walikuwa wameonywa kwamba kuuacha mtambo umewashwa kwa muda mrefu sana kungeleta matatizo, bila kuambiwa muda mrefu sana ni saa ngapi. Usafirishaji, usakinishaji na maelekezo kwa watumiaji ni gharama za matengenezo, na mkadiriaji asipoziandika ataona zimefyekwa na mtu asiyejua zilikuwa za kazi gani.

Kwa sababu hizo, hesabu yangu huanza na watu na vyumba. Nauliza ni watu wangapi wanaohitajika ili mfumo ubaki hai: wa kuendesha maabara, wa kupokea viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, na kuthibitisha kwamba havivunji kitu kingine, wa kusimamia leseni, wa kukaa na vikosi. Baada ya hapo nauliza wanabaki wangapi wa kufanya mabadiliko, na toleo hutoka kila baada ya muda gani. Idadi ya mabadiliko inakuwa matokeo ya bajeti, wakati wengi huichukua kama chanzo chake. Tuseme timu ya matengenezo ina watu 40, na 25 kati yao wanahitajika ili mfumo usife. Bajeti ikikatwa kwa moja ya tano, watu 8 wanaondoka, na kwa kuwa wale 25 hawagusiki, wote 8 wanatoka kwa wale 15 wa mabadiliko. Anayekata anaamini amepunguza huduma kwa asilimia 20, kumbe uwezo wa kubadilisha programu umepungua kwa zaidi ya nusu. Huwa nauweka mfano wa aina hii mbele ya wakubwa kabla hawajaamua, maana baada ya uamuzi hauna msaada.

Mahali ambapo modeli za Boehm zinanisaidia sana ni katika suala la nani anayeifanya kazi. COCOMO II, iliyochapishwa kikamilifu mwaka 2000, inaongeza ukubwa wa kazi ya matengenezo kwa kadiri programu inavyokuwa ngumu kuelewa na kadiri wahandisi wasivyoifahamu. Programu iliyoandikwa vibaya ikipewa watu ambao hawajawahi kuiona, nyongeza inafika asilimia 50. Katika majeshi suala hili ni zito, kwa sababu programu huandikwa na mkandarasi na mara nyingi hutarajiwa kuhamia kwa wahandisi wa jeshi. Sheria ya Marekani inazuia zaidi ya nusu ya fedha za matengenezo ya ngazi ya karakana kuu kwenda kwa wakandarasi, na matengenezo ya programu yamo ndani ya hesabu hiyo. Lakini huwezi kuhamisha usichokuwa na haki nacho. Katika mradi wa F-35, ambao ndege yake hubeba programu ya mistari kama milioni 8, GAO imeandika zaidi ya mara moja kwamba serikali haina data za kiufundi za kutosha. Kama mkataba wa mwanzo haukununua msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu, pamoja na michoro na vifaa vya majaribio, mkadiriaji aweke bei ya mkandarasi mmoja asiye na mshindani kwa maisha yote ya mtambo.

Kuna pia gharama zinazokuja kwa mkupuo. GAO iliripoti mwaka 2016 kwamba mfumo mmoja wa mawasiliano ya amri za silaha za nyuklia wa Marekani ulikuwa bado unatumia kompyuta za IBM Series/1 na diski za flopi za inchi 8. Diski hizo ziliondolewa mwaka 2019. Wastani wa mwaka hauonyeshi mzigo wa namna hiyo. Ninaupangia mwaka wake, kwa kuangalia ni lini kompyuta na programu endeshi zitaacha kuungwa mkono na watengenezaji.

Ugumu mkubwa uliobaki ni takwimu. Mwaka 2019 GAO ilisema kwamba Wizara ya Ulinzi ya Marekani haikuwa ikikusanya gharama kamili za kutunza programu za silaha zake, na sababu mojawapo naiona katika bajeti yenyewe: kazi ileile ya wahandisi walewale inaweza kulipwa kutoka fungu la utafiti, la ununuzi au la uendeshaji, kulingana na inavyoitwa. Kuanzia mwaka wa fedha 2021 wizara hiyo ilianza kujaribu fungu moja la programu kwa miradi michache. Mahali ambapo fedha bado zimetawanyika, mimi huacha vitabu vya hesabu na kwenda kwenye orodha za wafanyakazi na karatasi za muda wa kazi, ambazo humo mtu mmoja huonekana mara moja tu. Makadirio ninayoyakabidhi huwa na kiwango cha chini, cha kati na cha juu, na chini ya kila kimoja naandika idadi ya watu, aina za mtambo zilizoko vikosini, muda kati ya toleo na toleo, na nani anamiliki msimbo. Moja ya hayo manne likibadilika, makadirio yanarudi mezani mwaka huohuo.